Upande wa Kushoto wa Diski

Kwa miaka ishirini na minane msumeno wa meza wa Reino Hautala ulikaa kwenye kona ya gereji chini ya turubai, na hakuna aliyeuwasha. Keith, mwanawe, hakulikubali hilo kwa kusikia tu. Alimuuliza mama yake kabla hajafariki. Alimuuliza dada yake. Alimuuliza hata jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu wa kuazima kila kitu, ambaye alisema aliwahi kuuomba msumeno huo mara moja, akajibiwa kwa namna ambayo hakurudia tena. Maelezo ya wote watatu yalilingana: tangu mzee alipoufunika, haukusogezwa.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya Novemba, wiki moja kabla ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, Keith alipolivuta turubai alijua kwamba kilicho chini yake kiko vile vile kilivyoachwa. Alilikunja mara nne, akaliweka mlangoni, akasimama kutazama.

Meza ya chuma ilikuwa imeshika kutu nyembamba ya rangi ya chai. Diski ya meno ilikuwa bado imeinuliwa, kiasi cha inchi moja na robo. Na reli, ule mhimili mrefu wa chuma unaouongoza ubao usiyumbe unaposukumwa kwenye meno, ilikuwa bado imefungwa upande wa kushoto wa diski, inchi tatu na nusu kutoka kwenye meno. Ndio upana wa ubao mmoja wa benchi la sauna, chumba cha kuoga mvuke.

"Umekuja kuutengeneza au kuuombea?" Reino aliuliza.

Mzee alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na jiko la kuni, fimbo katikati ya magoti, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na thelathini na minane kati ya hiyo aliitumia kwenye karakana ya mgodi wa chuma, akichonga vipuri ambavyo havikuuzwa popote. Mwisho wa mwezi nyumba ingekabidhiwa kwa wanunuzi, naye angehamia chumba kimoja kwa binti yake. Msumeno alikuwa amemwahidi mjukuu wake Signe, mtoto wa Keith, ambaye hutengeneza makabati mjini Marquette. Signe angefika saa tisa mchana kuuchukua.

"Nimekuja kuupima," Keith alisema.

"Serikali inakulipa upime pampu za petroli. Huu nani anakulipa?"

"Hakuna."

"Afadhali. Utafanya haraka."

Keith alikuwa mkaguzi wa vipimo wa jimbo. Alikagua mizani ya maduka, pampu za petroli na mizani ya malori ya magogo, na kwa miaka ishirini hakuna muuza duka aliyewahi kumshinda katika rufaa. Baba yake hakuwahi kuiita hiyo kazi. Aliiita matembezi.

Alichomoa waya wa umeme ukutani, akauweka juu ya meza mahali anapouona. Kisha akavua glavu. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha shahada wala cha kati kuanzia kiungo cha pili kwenda juu. Alikuwa na miaka kumi na tisa ilipotokea, na msumeno ulikuwa huu huu. Ubao wa mwerezi aliokuwa akiupasua ulibanwa, ukarushwa nyuma, ukauvuta mkono uliokuwa ukiusukuma.

Kuhusu siku hiyo baba yake alikuwa na sentensi moja. Mgeni akiutazama mkono ule zaidi ya inavyostahili, iwe Krismasi, iwe kanisani, iwe siku ya harusi ya Keith mwenyewe, Reino alisema, "Alisimama vibaya," kisha akaendelea na mazungumzo. Keith kwa upande wake aliamini kwamba reli ilikuwa imepinda. Aliihisi inabana kabla ubao haujaruka. Lakini kuhisi hakukuwa ushahidi, na alipofikia umri wa kuweza kuutafuta ushahidi, baba yake alikuwa amesema hakuna mtu wa kuligusa turubai lile. Sasa mzee mwenyewe ndiye aliyetaka liondolewe. Keith alikuwa na saa tano. Baada ya hapo msumeno ungepakiwa, ungetikiswa maili thelathini za barabara, na chochote ambacho ungeweza kusema kuhusu siku ile kingepotea.

Alitaka baba yake aseme kwamba kosa lilikuwa la msumeno. Hakutaka zaidi ya hapo.

"Na huo utelezi uliokuja nao kwenye kopo ni nini?" Reino aliuliza.

"Nta. Ya meza, nikishaondoa kutu."

"Sisi tulitumia mafuta ya mashine."

"Mafuta yanachafua mbao."

"Mbao za nani? Zako? Wewe una mbao?"

Keith alichukua kipande cha mti mgumu wa mepo alichokiranda wiki nzima mpaka kikaingia kwenye mfereji bila kuchezacheza. Meza ya msumeno wa namna hii ina mifereji miwili iliyochongwa kiwandani, mmoja kila upande wa diski, na kila kitu kingine hupimwa kutokana na hiyo, kwa kuwa ndiyo pekee isiyoweza kusogea. Juu ya kipande kile alifunga kipimo cha saa, kile chenye uso wa duara na sindano ambayo husogea ncha yake ikiguswa. Akatia alama ya chaki kwenye jino moja la diski.

"Jino gani umelichagua?" Reino aliuliza.

"Hili."

"Na nyuma utapima kwa lipi?"

"Kwa hili hili. Nitalizungusha."

Mzee alikunywa kahawa. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa nafasi ya kukosoa.

Keith aliigusisha ncha kwenye jino mbele, akaiweka sindano sifuri. Akalizungusha jino mpaka nyuma, akakisukuma kipande cha mepo kwenye mfereji, akagusa tena. Sindano ilisogea alama mbili. Katika nyumba ile vipimo vilitajwa kwa elfu, yaani inchi moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa mtu ni elfu tatu hivi. Diski ilikuwa imepishana na mfereji kwa elfu mbili. Alirudia mara tatu, akapata ile ile.

"Ngapi?" Reino aliuliza.

"Mbili."

"Mbili." Mzee aliweka kikombe chini. "Niliifunga mimi hiyo, mwaka themanini na tisa. Bolti nne, huku nimelala chali sakafuni, na mama yako ameshika taa. Elfu mbili, na imelala miaka ishirini na minane. Andika. Andika vizuri, huwa una mwandiko wa kuku."

Keith aliandika: *Diski, elfu 2, sawa.* Aliandika kwa mkono wa kulia. Alikuwa amezaliwa mtu wa mkono wa kushoto, na baba yake alikuwa amejaribu kumbadilisha tangu akiwa na miaka minne, kwa kijiko, kwa penseli, kwa nyundo. Kilichoshindikana kwa miaka kumi na mitano kilikamilika kwa sekunde moja.

"Angalau ule ugonjwa wa kushoto ulikwisha," Reino alisema, akimtazama anavyoandika.

"Signe anao."

"Najua anao. Nilimwambia mama yake mapema. Hakuna anayenisikiliza."

Kulikuwa na mkate mtamu wa iliki kwenye karatasi juu ya kabati la vifaa. Mzee aliuvunja, akala kipande, hakumkaribisha. Keith alikuwa na chakula chake kwenye gari na hakuwa na njaa. Alikipeleka kipimo upande wa kushoto, akakiweka kwenye mfereji wa upande huo, ncha ikielekea kwenye reli. Hakuifungua reli. Hakuigusa hata kwa kidole. Kwanza alimulika tochi kwenye bolti mbili zinazoishikilia reli kwenye kichwa chake: kutu ilikuwa imepita juu ya vichwa vya bolti na pete zake za chuma bila kukatika, kama rangi iliyopakwa mara moja. Alizipiga picha. Kisha akaweka sindano sifuri mbele, akasukuma taratibu kwenda nyuma.

Sindano ilianza kupanda mara moja. Ilipanda bila kusita mpaka mwisho, ikasimama. Keith aliirudisha mbele. Sifuri. Akasukuma tena. Ikasimama pale pale.

Reli ilikuwa imeingia ndani kwa nyuma. Ubao wowote uliosukumwa upande ule ungepata nafasi pana mbele na nyembamba nyuma, na nyuma ndiko meno ya diski hupanda kutoka chini ya meza. Ungebanwa na kunyanyuliwa kwa pamoja.

Keith alifungua daftari, akaandika namba.

"Thelathini na moja," Reino alisema kutoka kwenye stuli.

Keith aligeuka. Kati yao kulikuwa na hatua nane, na mzee huyu alikuwa hawezi kusoma gazeti bila kioo cha kukuzia.

"Umesema?"

"Nyuma imeingia thelathini na moja. Au kifaa chako ni kibovu."

"Kifaa changu kinasoma thelathini na moja."

"Basi si kibovu."

Unene wa kadi ya benki, Keith aliwaza. Akili yake ilitafuta mfano kabla ya kutafuta kingine chochote. Akaweka penseli chini.

"Uliipima lini?"

"Ihamishie kulia kwanza."

"Nimekuuliza uliipima lini."

"Nami nimekwambia ihamishie kulia. Wewe ni mkaguzi. Mkaguzi anapima upande mmoja halafu anaenda nyumbani?"

Hoja ilikuwa sahihi, na Keith alichukia kwamba ilikuwa sahihi. Alipulizia mafuta kwenye kishikio cha reli, akangoja, akakilegeza. Akaiinua reli juu ya diski, akaiweka upande wa kulia, akaifunga. Akapima kutoka kwenye mfereji wa kulia. Safari hii sindano ilishuka: reli ilikuwa wazi kwa nyuma, elfu thelathini na moja. Pembe ni ile ile. Upande mmoja ilibana, upande wa pili ilipanuka.

"Unaona," Reino alisema.

"Naona."

"Sema unachokiona."

"Uliiacha wazi kwa nyuma, kwa mtu anayefanyia kazi kulia."

"Makusudi. Ubao ukishapita meno ya mbele, usiguswe tena na kitu. Karakana nzima ilifanya hivyo."

"Karakana nzima iliacha elfu tatu. Tano, kwa mtu mwoga."

"Diski ilikuwa bado inaunguza mwerezi. Nikaongeza."

"Mpaka thelathini na moja?"

"Niliongeza mpaka ikaacha kuunguza." Mzee alipiga fimbo sakafuni mara moja, bila nguvu. "Na ilifanya kazi. Miaka saba nilipasua mbao hapo, benchi, milango, kitanda ulicholalia wewe. Reli ikiwa kulia, ambako watu huiweka. Nani aliyeipeleka kushoto?"

Keith aliitafuta siku ile kichwani, na kwa mara ya kwanza aliiona sehemu ambayo hakuwahi kuihesabu: mikono yake mwenyewe, yote miwili mizima, inakilegeza kishikio, inaiinua reli juu ya diski na kuifunga upande unaomfaa mtu wa kushoto. Alikuwa anaikumbuka siku zote. Hakuwa ameichukulia kuwa tukio. Ilikuwa kama kuvuta kiti kabla ya kukaa.

Akachukua penseli, akaandika: *Reli ilihamishiwa kushoto na K.H.* Akaongeza mstari mwingine kwa sababu ulikuwa kweli vile vile: *Kinga na bati la kutenganisha ubao, viliondolewa na R.H., vinaning'inia ukutani, K.H. aliona, hakusema.* Kinga ile ya kufunika meno ilikuwa bado kwenye msumari wake, pamoja na bati la kuzuia ubao usiibane diski, vyote vimejaa vumbi. Katika gereji za mtaa ule hakukuwa na msumeno hata mmoja uliokuwa na kinga mahali pake.

"Nimeandika," alisema. "Niliihamisha mimi."

"Vizuri."

"Sasa jibu. Uliipima lini?"

Reino alitazama mlango wa jiko. "Siku ile ile."

"Saa ngapi?"

"Unataka saa?"

"Ndiyo."

"Saa kumi na moja jioni. Mama yako alipiga simu kutoka hospitali, akasema wanakikata na kidole cha pili. Niliweka simu chini nikaja huku. Nilisafisha damu kwanza, haipimiki ikiwa na damu. Halafu nikapima. Thelathini na moja. Nikapima tena. Halafu nikatupa turubai."

"Na nilipotoka hospitali ukaniambia nilisimama vibaya."

"Ulisimama vibaya. Ulisimama nyuma ya ubao kabisa."

"Baba. Ulikuwa na namba."

"Ungeifanyia nini?"

"Ningekuwa nayo."

"Ungekuwa na kisingizio," Reino alisema. "Kijana wa miaka kumi na tisa akipata kisingizio hafanyi kazi tena. Nimewaona. Anakaa baa na mkono wake anauonyesha watu."

"Hilo ulilifikiria siku ile au umelitunga baadaye?"

Mzee alichelewa kujibu. Keith alikuwa amewahoji watu wengi waliosimama kando ya mizani mibovu, na alijua tofauti kati ya mtu anayetafuta uongo na mtu anayetafuta kumbukumbu.

"Baadaye," Reino alisema. "Siku ile sikufikiria kitu."

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Hata yeye hukumwambia."

"Angekwambia wewe. Unadhani angekaa nalo? Asingemaliza hata kuvaa koti." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Haya, umepata ulichokuja kuiba. Tengeneza msumeno wa watu. Mtoto anafika saa tisa."

Keith alikwenda kwenye kabati la vifaa, akafungua droo ya tatu, akaipekua. Kule mgodini, mashine ikigundulika kuwa imepotoka hata kidogo, ilining'inizwa kadi nyekundu yenye mistari minne: hitilafu, kipimo, tarehe ilipogunduliwa, jina la aliyeigundua. Mashine yenye kadi haiwashwi na mtu, awe msimamizi au nani. Akishaitengeneza fundi, mtu mwingine huipima, na ikiwa sawa, yule aliyeiandika kadi ndiye huichana. Reino alikuja nyumbani na bunda zima la kadi hizo na kuzitumia bila huruma. Aliwahi kuining'iniza moja kwenye mizani ya jikoni ya mkewe kwa sababu ya gramu nne. Aliwahi kuining'iniza kwenye baiskeli ya binti yake asubuhi ya shule, na mtoto akatembea kwa miguu.

Kadi zilikuwepo bado, zimefungwa kwa mpira uliokauka, ambao ulikatika alipoushika. Keith alichomoa moja, akaiweka kwenye goti la baba yake pamoja na penseli.

"Jaza."

"Nimestaafu."

"Wakati ule ulikuwa hujastaafu."

"Huu si mgodi. Hii ni gereji yangu."

"Mizani ya mama ilikuwa ya mgodi?"

Reino alimtazama kwa yale macho yake meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji. Kisha akaandika, akishikilia kadi karibu na pua. Herufi zilitoka zimesimama, moja moja, kama za mhuri. Akaitupa kadi juu ya meza ya msumeno. Keith aliisoma. *Reli. Elfu 31. Novemba 9, 2024. R. Hautala.*

Akairudisha.

"Tarehe siyo."

"Ni ya leo. Angalia kalenda."

"Kadi inauliza lini hitilafu iligunduliwa. Haiulizi lini imeandikwa. Wewe ndiye uliyenifundisha tofauti yake, nikiwa na miaka kumi, mbele ya rafiki zangu."

"Sitaandika hiyo."

"Basi msumeno hautoki. Signe akifika atageuza gari na kurudi Marquette mtupu, na nitamwambia kwa nini."

"Ni msumeno wangu. Nimempa mimi."

"Ni wako. Na una reli iliyopinda elfu thelathini na moja, na unayempa ni wa kushoto, na atakachofanya siku ya kwanza, kabla hata ya kuuchomeka kwenye umeme, ni kuihamishia reli kushoto. Hilo ulilijua ulipomwahidi?"

Reino aliizungusha fimbo katikati ya magoti.

"Nakuuliza kama ninavyouliza watu kazini. Ulijua?"

"Nilikuita uje uutengeneze," mzee alisema. "Ningekuita kwa nini kingine? Kuna mafundi kumi mtaa huu."

Keith alisimama na lile jibu mkononi kama kitu alichopewa na hajui pa kukiweka. Lilikuwa kweli. Simu ilikuwa imetoka kwa mzee, wiki mbili zilizopita, fupi na ya kukaripia: njoo na vifaa vyako uone msumeno, kama unavyo. Halikupunguza chochote. Alichomoa kadi ya pili, akaiweka kwenye goti lile lile.

Safari hii Reino aliandika polepole zaidi. Alipofika kwenye mstari wa tatu aliinua penseli, akaipangusa ncha yake kwenye suruali, akaandika. Hakuitupa. Aliinyoosha mkononi mpaka Keith akaja kuichukua.

*Reli. Elfu 31. Oktoba 12, 1996. R. Hautala.*

Keith aliifunga kwa waya kwenye kishikio cha reli. Kisha akaanza kazi.

Alisugua kutu kwa msasa laini na mafuta ya taa mpaka chuma kikatokea kijivu. Akakaza mkanda wa mota. Akasafisha gia ya kuinulia diski kwa mswaki. Aling'oa diski ya zamani, akafunga mpya, akafunga na bati jipya la kutenganisha ubao nyuma yake, ambalo Reino aliliita takataka ya dukani. Mwisho alilegeza zile bolti mbili. Zilitoa mlio wa kutu inayovunjika. Akaisogeza reli, akazikaza, akarudi nyuma.

"Nani atapima?" Reino aliuliza.

"Mimi."

"Aliyetengeneza hapimi." Mzee alikwishasimama, fimbo mkono mmoja, kioo cha kukuzia mkono wa pili. Hatua nane zilimchukua muda. Aliinama juu ya uso wa kipimo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo chake. "Sukuma. Polepole, si mkokoteni huo."

Keith alisukuma.

"Nne, imeingia. Rudia."

Alilegeza, akagonga kwa nyundo ya mpira, akakaza.

"Mbili, iko wazi. Hapo inatosha."

"Haitoshi. Wazi mbili kulia ni ndani mbili kushoto."

"Elfu mbili hazijawahi kumuua mtu."

"Atatumia pande zote. Inatakiwa iwe sawa na mfereji, basi."

"Hakuna sifuri duniani, Keith. Muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi."

"Basi niambie ilipo karibu nayo."

"Gonga," mzee alisema. "Si hapo. Huku, karibu na bolti. Unagonga kama unabisha hodi."

Waligonga na kukaza mara sita. Mara mbili Reino alimwita mpumbavu na mara moja Keith alimwambia atoe pua yake kwenye kifaa. Mara ya saba sindano ilitikisika mwanzoni, ikatulia, haikusogea tena mpaka mwisho wa mfereji. Waliihamishia reli kushoto, wakapima, ikawa vile vile.

"Imekaa," Reino alisema.

Gari la Signe liliingia uani kinyumenyume saa tisa kasoro dakika tano. Aliingia akipangusa theluji mabegani, msichana mrefu wa miaka ishirini na mitatu, kipimo cha utepe kiunoni upande wa kushoto. Alimbusu babu yake, akaipapasa meza kwa kiganja kilichofunguka, akafurahia jinsi chuma kilivyo laini. Halafu akaiona kadi. Aliishika, akaisoma. Tarehe ile aliijua kila mtu katika familia. Aliutazama mkono wa baba yake, ambao kwa miaka yote aliusikia ukielezwa kwa sentensi moja tu.

"Babu," alisema, "hii ni nini?"

Keith alikuwa anafunga kipimo kwenye sanduku lake. Hakuinua kichwa, na hakumsaidia.

"Reli ilikuwa imepinda," Reino alisema. "Mimi ndiye niliyeipinda. Baba yako akaihamisha, nami sikuwa nimemwambia kwamba haihamishwi. Ubao ukabanwa."

"Lini ulijua?"

"Inavyosema hapo."

Signe alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Reino alimnyooshea mkono mpaka akaifungua ile kadi na kumpa. Mzee aliichana mara mbili kama kanuni ilivyotaka, akafungua jiko kwa ncha ya fimbo, akavitupa vipande ndani. Keith aliviangalia vikiungua. Angeweza kuvizuia. Aliyoyataka yalikuwa yamesemwa mbele ya mtu, na namba ilikuwa daftarini. Hata hivyo hakujisikia mwepesi kama alivyokuwa amejiahidi. Bado alikuwa na hasira, ila sasa alijua ukubwa wake.

"Tupakie," alisema.

Signe alishika ukingo wa meza ya msumeno kwa mikono miwili, tayari kuinua.

"Toa mikono," Reino na Keith walisema kwa pamoja.

Alitoa.

"Hauinuliwi kwa meza," Keith alisema. "Ukiinua kwa meza, diski inahama mahali pake, na kazi yote ya leo inakwenda. Shika miguu, huku chini."

"Ndivyo alivyoubeba wa kwake jirani mmoja wa mtaa wa nyuma," Reino alisema, "na ule wa kwao haupasui hata siagi mpaka leo. Keith, wewe shika nyuma, penye uzito wa mota. Una vidole vinane, vitumie."

Keith aliinama, akashika nyuma.